Nguzo ya Saba, Mara Sitini na Nne

Cluj, Februari. Theluji imegeuka tope,
tramu inasaga kona chini ya dirisha langu,
na mezani pana ubao wa kijani, mpana kama kiganja,
na juu yake kijidudu cheusi chenye miguu arobaini na minane.
Kazi yake ni moja: kupokea umeme usio na herufi
na kuutamka kwa tarakimu.

Kusini huko, mita mia na kumi chini ya kilima,
pacha wake amefungwa kwenye nguzo ya chumvi.
Nguzo ya saba. Inabeba kilima, na zizi la kondoo juu ya kilima,
na inabonyea,
au haibonyei.
Domnica, fundi wa mgodi, hupiga simu kila Jumatatu,
sauti yake ina mwangwi wa shimo:
"Ilinca, namba yako inacheza.
Saa tatu imepanda, saa tatu na dakika moja imeshuka.
Nguzo haichezi. Nguzo haina kiuno."

Ni kelele, nikamwambia. Joto la waya, pampu ya maji,
taa za watalii, kila kitu kinanong'ona humo.
Muulize shahidi mmoja, mara moja,
atakupa ukweli pamoja na kikohozi chake.
Waulize wanne, kikohozi kinabaki nusu.
Waulize sitini na wanne:
huyu kakohoa juu, yule kakohoa chini,
jumlisha, gawanya, kikohozi kinakula kikohozi,
neno linabaki.

Kijidudu kilijua hivyo tangu kiwandani.
Ukurasa wa thelathini na moja wa kitabu chake:
biti tatu tu katika rejista ya pili,
nami nitapima mara mbili, nne, nane,
hadi sitini na nne, kabla sijafungua mdomo.
Ni kiendeshi chetu, ndani ya kiini cha mfumo,
ambacho kwa miaka sita hakikuwahi kumwomba;
kama mtu anayeishi ukuta mmoja na fundi cherehani
na suruali yake imechanika.

Nikaandika. Mistari sitini na kitu.
Orodha ya viwango, njia ya kusoma, njia ya kuandika,
kufuli, wawili wasiingie pamoja.
Na atakayeomba mara tano, au mara sabini,
arudishwe kwa adabu na hasi ishirini na mbili:
hoja yako haifai.

Jumanne namba ikatulia. Tuli, kama maji ya mtungi.
"Sasa umetengeneza," akasema Domnica.
Nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi nikabonyeza ubao wangu kwa dole gumba.
Nikaupulizia. Nikaushika kwa mkono uliotoka kwenye kikombe cha chai.
Namba ile ile. Hata tarakimu ya mwisho haikupepesa.
Kitu kinachopimwa hupumua; hiki kilikuwa maiti.

Maswali sitini na manne huchukua muda wa sitini na manne,
nami nilikuwa nimeacha subira ya zamani,
mikrosekunde nne, kipimo cha shahidi mmoja.
Kiendeshi kilibisha hodi kabla hawajamaliza,
kila hodi ikaanzisha mazungumzo upya,
nacho kikaondoka na jibu bichi la Jumanne, tena na tena.

Dawa yake mstari mmoja: subira, mara idadi ya mashahidi.
Wanasema huvuta heri. Hawakusema ipimwe.

Siku kumi na moja baadaye nikampigia mimi.
"Mikroni tisa," nikasema.
Pampu ikasikika.
"Kwa hiyo inabonyea."
"Polepole."
"Basi nafunga ukumbi wa tenisi ya meza."
Kisha: "Mara mia na ishirini na nane, haiwezekani?"
Hasi ishirini na mbili, nikajibu. Hakuelewa.
Nikamsikia akigonga chumvi kwa funguo zake,
mara moja,
kisha tena,
kisha tena.